Penati ya Sunzu niliisikia tu, kuiona sikuiona

Basi bwana, Februari 2012 mi nilikua Tunduma, nina miaka 19, form four nimemaliza na matokeo yake nayajua mwenyewe, kazi yangu kuuza vocha na maji ya chupa kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia na Kongo. Kwa ambao hamjawahi kufika, Tunduma na Nakonde ni kama mji mmoja uliokatwa katikati na geti. Huku Bongo, kule Zambia, bibi yangu mzaa mama kazaliwa ule upande akaolewa huu, Wanyamwanga tupo kote kote, asubuhi mtu anavuka kufata sukari jioni anavuka tena kupeleka mchele, na saa za wenzetu ziko nyuma saa moja, yani unatoka kwetu saa nne unafika kwao saa tatu, nilipokua mdogo nilikua naona kama uchawi vile.

Siku yenyewe Jumapili tarehe 12, fainali ya kombe la mataifa ya Afrika, Zambia na Ivory Coast, inapigwa Libreville kule Gabon.

Mi nilikua upande wa Ivory Coast na sioni aibu kusema. Mi Chelsea, Drogba kwangu hakuna mfano, nilikua na jezi yake ya bluu namba 11, feki ndio, ila nimeinunua kwa faida ya vocha nikidunduliza mia mia miezi kama mitatu hivi. Afu we angalia timu yenyewe, Yaya Touré, kaka yake Kolo, Gervinho, Kalou, Tioté, Drogba kapteni, na toka mashindano yaanze hawajaruhusu goli hata moja. Zambia wana nani? Kapteni wao Katongo anacheza China. Tuliokua tunawajua sisi ni wale wa Mazembe, timu ya Kongo, Kalaba na Stoppila Sunzu, na hao wenyewe tuliwajua kwasababu Samatta alishaenda pale mwaka mmoja nyuma, afu ndugu yake Sunzu, Felix, msimu ule alikua Simba. Basi, hapo ndo mwisho wa ujuzi wetu.

Mjomba wangu ndo alikua mtu wa Zambia. Ujana wake wote kaumalizia Kitwe, dukani kwa ndugu yake, shabiki wa Nkana, timu ya huko huko, Kibemba anaongea kuliko Kinyamwanga. Mtu wa maneno machache sana. Kofia yake ya kijivu ilikua haitoki kichwani labda kanisani tu. Toka Zambia iwatoe Ghana nusu fainali, lile goli la Mayuka, na kipa wao Mweene kaidaka penati ya Asamoah Gyan, akaanza kupiga miluzi nyumbani, kitu ambacho bibi alikua anasema kinaita nyoka.

Jumapili mchana nikamkuta nje anaziba pancha ya baiskeli. Nikamwambia mjomba, shikamoo, leo utalia. Hakuitikia hata shikamoo. Akaendelea kuzamisha mpira kwenye beseni anatafuta panapotoa mapovu, baadae ndo akasema, wameenda ufukweni kuweka maua, nimesikia redioni. Maua ya nini? Akaniangalia kama ananionea huruma.

Hapo ndo nikaisikia vizuri kwa mara ya kwanza, maana kabla ya hapo nilikua najua juu juu tu. Tarehe 27 Aprili 1993, ndege ya jeshi imebeba timu ya taifa inaenda Dakar kucheza na Senegal kutafuta kombe la dunia, ikatua Libreville kujaza mafuta, ikaruka, haikufika popote, ikaangukia baharini karibu na mji. Watu 30, wachezaji 18, kocha Godfrey Chitalu, hakupona mtu. Kalusha Bwalya alipona kwasababu yeye alikua Ulaya na PSV, na 2012 ndo alikua rais wa chama chao cha mpira, kasimama kwenye ule ufukwe na vijana ambao wengine 1993 walikua watoto wadogo kabisa. Mjomba akasema Kitwe siku ile maduka yalifungwa bila mtu kutangaza. Akapuliza gundi kwenye kiraka. Akasema, na leo Mungu kawapeleka pale pale.

Nikiwa na akili zangu timamu nikamjibu, mjomba, Mungu hachezi namba tisa. Tuwekeane dau. Zambia ikishinda nakupa jezi yangu ya Drogba, ikifungwa baiskeli yako inakua yangu. Akacheka, akanipa mkono wenye gundi.

Mechi kwetu ilianza saa nne na nusu usiku. Tukaenda kibanda umiza kimoja karibu kabisa na mpaka, kiingilio mia tano kwasababu fainali, siku za kawaida mia tatu. Mvua ilikua imenyesha toka jioni, chini tope, watu wameweka makreti wanakalia, nyomi mpaka waliosimama dirishani nje, na nusu ya watu mle ndani ni madereva na utingo wa Kizambia ambao malori yao yako upande wetu kwenye foleni. Mi na jezi yangu ya bluu nimekaa katikati yao kama mkaa kwenye unga.

Sitaki kuwadanganya, mpira wenyewe haukua mtamu. Mapema kabisa Joseph Musonda kaumia, katoka analia. Kocha wao Hervé Renard na shati lake jeupe anazunguka pale pembeni kama mwenye harusi. Zambia wanacheza vizuri kuliko nilivyotegemea, wanapasiana tu, na mi naanza kujikuna. Afu kama dakika ya 70 Gervinho akaangushwa ndani ya boksi. Penati. Drogba kaweka mpira.

Nilisimama juu ya kreti. Nikamwambia mjomba baiskeli naichukua leo leo usiku. Drogba akaja, akapiga, akapaisha. Yani mpira ulienda juu sijawahi ona. Kile kibanda kilitikisika mabati, utingo mmoja akanikumbatia kwa kunikejeli, kreti likapinduka nikakalia tope. Mjomba hakushangilia. Alivua kofia, akaangalia ndani yake kama kuna kitu kimeandikwa, akaivaa.

Bila bila, tukaingia muda wa nyongeza, na humo humo umeme ukakata. Kelele zilizopigwa hapo nazikumbuka kuliko dakika zote 120. Mwenye banda akawasha jenereta, king'amuzi kikachukua muda wake kurudi, bado bila bila, tukaenda kwenye matuta, yani kupigiana penati.

Sasa matuta ya siku ile. Ivory Coast wanaanza, wanafunga, Zambia wanafunga. Ya tatu ya Ivory Coast anapiga Sol Bamba, Mweene akaiokoa, watu wakamwagika nje wanakimbia kwenye tope bila viatu, wanarudi wanakuta refa kasema irudiwe, kipa katoka kwenye mstari, na Bamba keshafunga. Ya tano kaja Drogba, safari hii kafunga, nikapumua. Afu ya tano ya Zambia nani anakuja? Mweene mwenyewe, kipa! Kafunga utafikiri kazi yake ya kila siku. Kwenye skrini unaona wenzake wamepiga magoti kwenye duara wameshikana wanaimba, na wale madereva mle ndani nao wakaanza kuimba, wimbo siujui mpaka leo, taratibu tu, na jenereta inanguruma nyuma yao. Wakaendelea kufunga wote mpaka saba kwa saba.

Kolo Touré akaja anatembea kama katumwa dukani na hataki. Mweene akaidaka.

Hapo mtu akifunga tu imeisha. Kalaba anatoka katikati ya uwanja kuja kupiga, na jenereta ikakohoa. Ikakohoa tena. Picha ikajikunja ikawa nukta katikati ya runinga, ikazima. Giza.

Petroli imeisha.

Matusi ya Kiswahili, Kinyamwanga, Kibemba na hata Kiswahili cha Kongo niliyasikia yote kwa dakika moja. Mwenye banda anaapa anafata mafuta sasa hivi, watu wanamwambia saa saba usiku unafata wapi, turudishie mia tano zetu, tochi za simu zinamulikana machoni. Na katikati ya vurugu hizo mjomba, ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti, akasema kwa nguvu, "Tulieni! Sikilizeni Nakonde."

Tukanyamaza. Mvua ilishakata. Nakonde umeme upo, taa zao tunaziona pale pale ng'ambo, na mabaa yote yamejaa.

Ikaja sauti moja ndefu, "aaaaaah", inashuka kama maji yanayomwagwa kwenye ndoo. Mjomba akasema, kakosa Kalaba. Mtu akabisha, labda hiyo ndo furaha yenyewe. Mjomba akasema furaha haishuki.

Kimya. Mbwa anabweka. Afu ikaja ya pili, fupi, kali, na filimbi mbili tatu, ikakatika ghafla. Hapo hakuna aliyejua. Mjomba kainamisha kichwa, anahesabu na vidole. Akasema, na wa kwao kakosa. Baadae ndo tulikuja kujua ni Gervinho, kapaisha na yeye.

Kimya cha tatu kilikua kirefu mno. Mi nikajikuta nimeshika mkono wa yule utingo aliyenikejeli, na nilikua nimeshasahau niko upande gani, nataka tu kujua. Ikaanza sauti ya mtu mmoja, mbali, huenda runinga yake ilikua inawahi kuliko za wengine, mmoja tu, anapiga kelele kama anayepigwa. Afu wawili. Afu Nakonde nzima ikanyanyuka, na haikushuka. Haikushuka kabisa. Malori ya upande wetu yakaanza honi, dereva mmoja, wa pili, foleni nzima kuelekea juu huko barabara ya Mbeya, honi juu ya honi, na wale madereva mle bandani wakatoka kwa mlango, kwa dirisha, wengine nadhani walitoka kwa ukuta maana kesho yake mabanzi mawili hayakuwepo.

Nane kwa saba. Sunzu. Ile penati nimekuja kuiona miaka mingi baadae kwenye simu, usiku, mtoto kalala kwahiyo nimezima sauti, nikaona kijana anapiga mpira unaingia golini, basi. Nikasema ndo hii?

Nikamulika tochi kumtafuta mjomba. Alikua amebaki peke yake kwenye kreti lake, kofia kaifunika usoni, mabega yanacheza. Nikazima tochi.

Tukavuka. Geti lilishafungwa zamani, ila Tunduma geti ni la malori, watu tuna njia zetu. Nakonde wanacheza mpaka wazee, bia zinamwagwa hewani, na mi mjinga bado nina jezi namba 11 mgongoni. Walinifurahia hao! "Drogba! Drogba!" kila anayenikuta ananikumbatia, afu ananionyesha kidole juu, juuu, kwenye mawingu, kumaanisha mpira wangu ulipoenda. Nilionyeshwa mbingu na watu kama mia usiku ule. Kwenye baa moja nikafanikiwa kuchungulia runinga katikati ya vichwa, nikaona Renard kambeba Musonda mikononi kama unavyobeba mtoto aliyelala, anampeleka wenzake walipo akashangilie nao. Kichwa kikaziba.

Mjomba akanigusa bega. Nikajua anataka kuniambia kitu kuhusu wale wa 1993. Akasema, "Mjomba, vua."

Sasa hivi? Hapa?

Sasa hivi. Akaivaa juu ya shati lake, ikambana tumboni, watu wakamshangilia upya, Drogba mpya mzee mwenye kofia. Mi nikarudi Tunduma kifua wazi, Februari, kumenyesha, baridi la kule walioishi wanalijua.

Ile jezi akaigeuza ya shamba. Analimia, anapalilia, anabebea mkaa. Na Mei 19 mwaka huo huo, mnajua wenyewe, Chelsea na Bayern, Munich, Drogba anasawazisha kwa kichwa dakika ya 88, afu penati ya mwisho ni yake na anafunga, tunachukua Ulaya. Jioni ile kabla ya mechi nilienda kwa mjomba kwa adabu zote, shikamoo mjomba, naomba uniazime jezi ya leo tu, kesho asubuhi nairudisha. Nikamkuta kaivaa, ina tundu kwapani na namba 1 moja imebanduka.

Akaniambia kuazima ni buku, na niifue kabla sijairudisha.