Mpira, brashi na chumvi: nilivyochagua vifaa vya vakyumu ya ukutani Malindi

Vakyumu ya ukutani ni ile ambayo mashine yake hukaa stoo au gereji, na mabomba ya PVC hupita ndani ya kuta hadi kwenye matundu ya vyumbani. Seti nyingi za vifaa zinazouzwa nayo hutengenezwa kwa nyumba zenye mazulia. Nyumba ya Malindi ni kitu kingine: chini ni terazo, vigae au saruji, juu ni boriti au makuti, mchanga huingia na miguu kutoka ufuoni, na hewa ina chumvi mwaka mzima. Kwa sababu hiyo sikununua seti. Nilinunua kipande kimoja kimoja, nikianza na mpira, yaani hosi ya kunyonyea inayochomekwa kwenye tundu la ukutani.

Urefu wa mpira nilipima kwa kamba, kabla ya kuagiza chochote. Funga kamba kwenye tundu la ukutani, izungushe nyuma ya viti na meza kama mpira utakavyopita, kisha ivute hadi pembe ya mbali kabisa, na nyingine hadi mwisho wa baraza. Usipime moja kwa moja hewani, maana mpira haukati katikati ya kochi. Kwangu pembe ya mbali ilitoka mita 10. Fimbo inayobeba brashi pamoja na mkono wa mtu huongeza kama mita 1.5, kwa hiyo mpira wa mita 9 ulitosha. Ule wa mita 12 ungefika kwa raha zaidi, lakini kila mita inayozidi hupunguza kasi ya hewa, na kasi ikipungua mchanga ndio wa kwanza kubaki nyuma kwa sababu ni mzito. Vumbi jepesi litaendelea kupita, nawe utadhani mashine iko sawa.

Kipenyo cha ndani cha mpira wa kawaida ni milimita 32, na bomba la ukutani ni karibu milimita 51. Tofauti hiyo ina maana: kilichopita kwenye mpira kwa kawaida kitapita ukutani. Kinachosumbua ni kijiti kirefu. Ukuti uliodondoka darini hupita mpirani ukiwa umenyooka, kisha hukwama kwenye kona kali ya nyuzi 90 iliyo nyuma tu ya tundu, halafu nyuzi na nywele hujishika hapo. Vijiti vya makuti na njiti za chelewa ziokotwe kwa mkono kwanza.

Swichi iliyo kwenye mpini wa mpira ni ya lazima, la sivyo utakuwa unarudi kwenye tundu kuchomoa mpira kila unapotaka kuzima. Mpira wa aina hii hupitisha volti 24 tu, kupitia vipini viwili vidogo vya chuma vilivyo ndani ya tundu. Iko pia mipira inayobeba stima kamili kwa ajili ya brashi yenye mota. Mingi huundwa kwa volti 120 za Marekani na Kanada, na stima yetu ni volti 240. Soma kibandiko kabla ya kulipa. Mimi niliuacha kabisa, kwa sababu brashi ya mota kazi yake ni zulia nene, na zulia nene sina.

Chumvi huanza kula pale pale kwenye vipini. Mashine ikikataa kuwaka, gusanisha vipini viwili vya tundu kwa kipande cha waya. Ikiwaka, kasoro iko kwenye mpira: ama pete ya chuma ya kichwa chake, inayogusa vipini hivyo, imechafuka, ama waya wa ndani umekatika karibu na mpini. Isipowaka, jaribu tundu jingine kabla ya kumwita fundi stima. Pete na vipini visuguliwe kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, mashine ikiwa imezimwa. Msasa usiutumie; huondoa ile ngozi ya juu ya chuma na kutu huingia haraka zaidi.

Fimbo za chuma kilichopakwa kromu hupendeza dukani, na kwa hewa ya pwani hushika madoa ya kutu kwenye maungio. Nilichukua za alumini, vipande viwili vinavyofungana kwa kitufe. Zile za kusokomeza tu hung'ang'aniana mchanga ukiingia katikati, na ya kurefuka na kufupika hukwama kwa sababu hiyo hiyo. Futa ncha kabla ya kuunganisha.

Pesa niliyookoa kwenye brashi ya mota niliiweka kwenye brashi ya sakafu: upana sentimita 35, nywele za farasi, magurudumu ya mpira laini. Iangalie upande wa mbele. Nywele zikiwa nzito bila mapengo, brashi husukuma mchanga mbele badala ya kuunyonya, na mchanga unaosukumwa hukwaruza terazo. Brashi inayozungushwa na hewa nayo siishauri hapa. Mchanga huingia kwenye beringi zake, na juu ya mkeka meno yake huinua ukili na kukata uzi. Mkeka unyonywe kwa brashi ya nywele, ukifuata urefu wa ukili, na kidirisha cha hewa kilicho kwenye mpini, cha kupunguza mvuto, kikiwa wazi ili mkeka usinyanyuke wote.

Brashi ndogo ya duara ndiyo inayofanya kazi kubwa kuliko umbo lake. Ni ya zidaka, nakshi za milango, mapanga ya feni, na unga wa dumuzi unaodondoka kwenye boriti. Nunua mbili, moja ya juu na moja ya vyombo, kwa sababu vumbi la feni lina unyevu wa chumvi na huacha weusi kwenye ukuta wa chokaa. Mdomo mwembamba ni wa reli za milango ya vioo. Mchanga ukikaa humo hula magurudumu ya mlango. Reli iwe kavu. Mfumo huu haunyonyi maji: mchanga uliolowa hugeuka tope bombani na kukauka kama saruji.

Hilo ndilo lililonifanya nikatae tundu la chini ya kabati la jikoni, lile la kufagilia taka ndani. Ni kifaa kizuri sana, ila liko usawa wa sakafu, na nyumba zetu hupigwa deki kwa ndoo. Anayelitaka aliweke juu ya kizingiti kisichofikiwa na maji.

Soksi ya kuvika mpira nilinunua, ya urefu ule ule wa mita 9, kwa ajili ya miguu ya viti vya nakshi na kona za chokaa. Ifuliwe kila baada ya wiki mbili au tatu, maana hukusanya mchanga na kugeuka msasa. Mpira wenyewe uutundike kwenye kishikio kipana cha nusu duara, ndani, mbali na jua. Msumari huukunja mahali pamoja, na hapo ndipo hupasuka.