Asubuhi Tuliposukuma Kilo 277 Bure

Stata ilizunguka nusu, ikakwama, halafu ukabaki mlio mkavu wa rilei (swichi inayoamshwa na umeme): tak-tak-tak. Kila nilipobonyeza, taa za dashibodi zilififia. Betri ilikuwa imekwisha, na Honda VFR1200F yangu, ile yenye gia za klachi mbili zinazojibadilisha zenyewe, ilikuwa imeegeshwa juu ya mteremko mrefu wa lami safi. Ingekuwa pikipiki ya klachi ya kawaida, mteremko ule ungetosha kuiwasha kwa kusukuma.

Wenzangu wawili tuliokuwa tusafiri pamoja waliona hivyo. "Weka gia ya pili, panda, sisi tusukume," mmoja akasema. Nikamwambia haitawaka kwa kusukumwa. Akatafuta mkono wa klachi upande wa kushoto wa usukani, hakuuona. Akatafuta pedali ya gia, nayo haipo. Kuna vitufe tu, cha kupandisha gia kwa kidole cha shahada na cha kushusha kwa gumba. "Basi itashika yenyewe," akasema. Nami nilikuwa nimesoma tu kwamba haiwezekani, sijawahi kujaribu. Nikawasha swichi, nikaachia breki ya kuegeshea, wakasukuma.

Ilishuka kimya. Tairi la nyuma halikukaba, injini haikutikisika hata kidogo. Nilibonyeza D (gia za kujiendesha) mara tatu njiani, kwenye kioo cha dashibodi ikabaki N (gia huru). Chini kabisa nikasimama kwa breki ya mbele, wenzangu wakihema nyuma yangu.

Sababu ni tatu, na kila moja peke yake ingetosha kutukwamisha. Ya kwanza ni oili. Klachi ya kawaida hubanwa na springi saa zote, na dereva akivuta mkono ndipo huachia; ndiyo maana pikipiki iliyozimwa ikiwa ndani ya gia haisogei, na ukiisukuma gurudumu huzungusha injini. Klachi za VFR hii ni kinyume. Zikiachwa bila kazi huwa wazi, na kinachozibana ni shinikizo la oili ya injini linalodhibitiwa na valvu za solenoidi, yaani valvu za umeme. Pampu ya oili huzungushwa na injini. Injini isipozunguka hakuna shinikizo, hivyo hakuna kinachounganisha krankshafti (shafti kuu ya injini) na gurudumu, hata uende kasi gani mteremkoni.

Ya pili, gia zenyewe hubadilishwa na mota ya umeme inayozungusha ngoma ya gia. Ukizima injini, mfumo hurudi N, na D haikubaliwi mpaka injini iwe inanguruma, mguu wa kuegeshea umekunjwa na mkono wa mafuta haujazungushwa. Ya tatu, kompyuta inayoamuru yote hayo inahitaji umeme wa kutosha, nao ndio tuliokuwa tumekosa.

Pale chini ndipo nilipoielewa vizuri breki ya kuegeshea, ambayo kabla yake niliiona kama pambo. Ina kalipa (kibanio cha breki) yake kwenye gurudumu la nyuma. Pikipiki hii huwezi kuiacha mteremkoni ukitegemea gia, kwa kuwa ikizimwa haina gia. Usipoifunga breki hiyo, inateleza kwenye mguu wake na kuanguka.

Kuipandisha tena hatukujaribu. Tukaleta gari hadi ilipo. Nikapima betri: volti 11.4 ikiwa imetulia, na stata ikibonyezwa zilishuka hadi 7.8. Betri nzima ya aina hii husoma karibu 12.8 ikitulia, na stata ikizunguka haitakiwi kushuka sana chini ya 10. Injini ya gari tuliiacha imezimwa makusudi. Betri ya gari ni kubwa na inatosha kuzungusha silinda nne za pikipiki, hakuna haja ya kuingiza na alteneta yake, mashine inayochaji betri injini ikizunguka. Waya mwekundu kwanza kwenye chanya ya pikipiki, kisha chanya ya gari. Mweusi kwenye hasi ya gari, na mwisho wake kwenye chuma kisicho na rangi cha injini ya pikipiki, mbali na betri. Cheche ya mwisho itokee huko. Nikasubiri dakika tano, nikawasha swichi, nikangoja N ionekane, kisha stata. Ikawaka mara moja. Nyaya nikazitoa kwa mpangilio wa kinyume.

Sikubonyeza D papo hapo. Injini baridi huzunguka juu kidogo, na klachi ikiingia wakati huo hugonga kwa kishindo. Mzunguko wa injini ulipotulia nikabonyeza D, gia ya kwanza ikaingia kwa mlio mdogo.

Njiani nilitumia S (hali ya mwendo wa kasi), si D. Katika D gia hupanda mapema ili kubana mafuta na injini huzunguka taratibu, wakati mimi nilitaka alteneta ifanye kazi. Kwenye S nilibaki juu ya mizunguko 3,000. Hata hivyo saa moja ya barabarani haijazi betri iliyokauka kiasi kile. Niliporudi niliiweka kwenye chaja ya ampea 1.1, karibu moja ya kumi ya ujazo wake wa Ah (ampea-saa) 11.2, usiku kucha.

Kesho yake nikatafuta mwizi wa umeme. Nilitoa waya wa hasi, nikaunganisha mita kati yake na betri, nikianzia kipimo cha ampea 10, swichi ikiwa imezimwa. (Ukiwasha swichi au kugusa stata hapo, unaunguza fyuzi ya mita.) Ilisoma miliampea 40. Nilipochomoa soketi ya kuchajia simu niliyoifunga mwenyewe moja kwa moja kwenye betri, ikashuka hadi 2. Miliampea 40 zinaonekana ndogo, lakini kwa saa 24 ni karibu Ah 1, na pikipiki ilikuwa imekaa siku kumi.

Soketi ile sasa inapita kwenye rilei. Pini 30 inatoka chanya ya betri kupitia fyuzi ya ampea 5, iliyowekwa karibu kabisa na betri; 87 inakwenda kwenye soketi; 85 kwenye bodi; na 86 inaamshwa na waya wa taa ya nyuma, hivyo swichi ikizimwa soketi nayo inakufa. Nikapima tena: miliampea 2. Pakiti ndogo ya kubustia (betri ya akiba ya kuwashia injini) nimeifunga chini ya kiti cha abiria, imejaa, na breki ya kuegeshea naifunga kabla sijazima injini.