Kiini Macho Hakikai Machoni

Ushauri wa kwanza niliopewa nilipoanza mazingaombwe ya karata ulikuwa kwamba mkono sharti uwe mwepesi kuliko jicho, na ushauri huo ulinipotezea miezi kadhaa. Aliyenipa ni binamu yangu, ambaye hajawahi kumdanganya hata mtoto wa chekechea, lakini aliusema kwa uhakika wa kadhi asomaye hukumu, nami nikamwamini. Nikanunua pakiti ya karata, kisha ya pili, kisha sikumbuki ngapi, kwa elfu tatu au nne hivi kila moja, nikawa kila usiku nasimama mbele ya kioo cha kabati nikijifunza kunyanyua karata mbili kana kwamba ni moja. Baada ya miezi minne nilikuwa nafanya upesi kiasi cha kutojiona mwenyewe. Kioo, kwa bahati mbaya, hakiulizi maswali.

Siku ya siku nikazipeleka karata zangu kwenye baraza moja ya Ngamiani, Tanga, ambako wazee hukutana baada ya Alasiri kwa kahawa na mchezo wa karata wa arbastini. Mkubwa wao alikuwa nahodha mstaafu wa jahazi, na sote tunamwita Nahodha. Nikatoa shikamoo, nikaitikiwa, nikaanza mchezo wa karata inayorudi juu: unaipeleka katikati ya pakiti, unagonga kidogo, nayo inaonekana imepanda tena. Mara ya kwanza walinyamaza. Mara ya pili Nahodha aliweka finjani yake chini, akasema kwa upole ulioniumiza zaidi ya matusi, "Mwanangu, ulikuwa ukienda taratibu kama mwendesha baiskeli mwenye mayai, mbona hapo katikati umekimbia?" Kisha akanyoosha kidole, akakibandika juu ya pakiti, akaamuru, "Igeuze hii." Nikaigeuza, na ikawa ndiyo ile niliyodai kuwa nimeizika. Baraza nzima ilicheka hadi muuza kahawa akamwaga. Mzee hakuwa ameona chochote. Alichokijua ni wakati tu, na aliyemwonyesha wakati huo ni mimi mwenyewe kwa ile haraka yangu niliyoisotea miezi minne.

Nilisusa kwa majuma kadhaa, nikasoma. Kejeli ni kwamba mwaka 1922, huko Chicago, fundi wa karata Dai Vernon alimshinda Harry Houdini, mwanamazingaombwe mashuhuri, kwa mchezo uleule wa karata inayorudi juu, akaurudia mara kadhaa, na Houdini, aliyekuwa akijigamba kwamba hakuna wa kumdanganya kwa jambo aliloliona mara tatu, asitambue kitu. Basi ubaya haukuwa katika mchezo. Mwanamazingaombwe wa Kihispania Arturo de Ascanio, ambaye kazi yake ilikuwa uwakili, alifundisha jambo aliloliita mabano ya usahaulifu: kati ya tendo la siri na muujiza wenyewe unaingiza kipindi cha mambo mengine, ili mtazamaji asiweze tena kuviunganisha viwili hivyo. Nilipolielewa hilo, nilianza kulionea huruma jicho. Kiswahili chetu kinaiita kazi hii kiini macho, na jina hilo linalibebesha jicho lawama isiyo yake, kwa maana jicho mara nyingi huona kila kitu, ila mwenye jicho alikuwa anashughulika na jingine, au ameona na kusahau. Watafiti wawili wa Marekani, Simons na Chabris, walichapisha mwaka 1999 jaribio ambamo watu walihesabu pasi za mpira wa kikapu, na karibu nusu yao hawakumwona mtu aliyevaa vazi la sokwe akipita katikati ya wachezaji. Kama sokwe mzima anapita, karata moja itashindwaje?

Niliporudi barazani nilichukua mchezo mwepesi mno, ambao wenzangu watanisamehe nikiufichua kwa kuwa hata watoto wanaufundishwa. Unaiona kwa siri karata ya chini kabisa. Mtazamaji anachomoa yoyote, anaitazama, anaiweka juu, kisha anakata, yaani anaipandisha nusu ya chini juu ya ile ya juu. Ile uliyoiona inailalia ya kwake, na zikifunuliwa moja moja kutoka juu, inayoifuata hiyo ndiyo ya kwake. Kazi yote ni kule kuiona ya chini. Zamani nilikuwa nikichungulia baada ya kusema "Haya, tazameni", nao wakatazama kweli. Ndugu yangu, usiwaambie watu wafumbue macho ukiwa bado hujamaliza kuiba.

Safari hii nilimpa Nahodha pakiti azichange kadiri apendavyo, na sikutamka kwamba kuna mchezo wowote. Aliponirudishia nilizigonga ukingo kwenye kibao ili zikae sawa, kama afanyavyo kila mcheza arbastini, na papo hapo nikamuuliza ni mwaka gani jahazi lake lilikwama nje ya Pangani. Mtu akiulizwa habari za maisha yake humtazama usoni aliyemuuliza, na waliomzunguka humtazama yeye. Chini palikuwa na tisa ya shupaza. Niliiona bila haraka, kama mtu asomaye saa. Nikaziweka karata mbele yake, nikashika finjani, nikamwacha asimulie dhoruba yote, ambayo ilichukua vikombe viwili na kashata.

Muuza kahawa alipoondoka na dele lake ndipo nikasema, "Nahodha, karata si ziko kwako? Hebu chomoa moja." Akachomoa, akaiweka juu, akakata mara mbili kwa ubishi. Akaanza kuzifunua, na ilipotokea tisa ya shupaza nikamwomba asimame kwanza, nikayapanga mambo polepole: "Umezichanga mwenyewe, umechomoa mwenyewe, umekata mwenyewe, na mikono yangu iko kwenye finjani." Kila neno lilikuwa kweli. Lililokosekana ni lile la kugonga kibao, na hakuna aliyelidai. Mwaka 1974 watafiti wa kumbukumbu Loftus na Palmer waliwaonyesha watu filamu za ajali za magari, wakagundua kwamba neno moja katika swali, "yalipopondana" badala ya "yalipogusana", lilitosha kumfanya mtu akumbuke magari yakienda kasi zaidi. Mimi nilikuwa na sentensi nzima. Karata iliyofuata ilikuwa ree ya kopa, na Nahodha aliitupa kana kwamba ina moto.

Watoto, nionye mapema, ni balaa. Kijana wa miaka kumi hivi hakujali habari za Pangani hata kidogo. Alizikodolea macho karata mwanzo hadi mwisho na kunikamata mchana kweupe.

Miezi kadhaa baadaye tulikutana na Nahodha kwenye karamu ya harusi, na nilimsikia akiwasimulia wageni. Karata, kwa simulizi yake, zilikuwa zake, zimetoka mfukoni mwa kanzu yake, na mimi nilikuwa nimeketi upande wa pili wa barabara. Watafiti Wiseman na Lamont walieleza jambo hilo mwaka 1996 kuhusu kamba ya India, yale mazingaombwe ambayo kamba husemekana kusimama yenyewe hewani na mtoto kuikwea: kadiri miaka ilivyopita tangu shahidi aone, ndivyo kisa kilivyokuwa cha ajabu zaidi. Nahodha hakuhitaji hata mwaka. Akanigeukia akauliza, "Sivyo, mwanangu?" Nikamjibu, "Ndivyo, Nahodha," kwa kuwa si adabu kumsahihisha mzee mbele ya wageni, lakini usiku ule nilizitoa karata, nikazigonga mara mbili tatu kwenye ubao wa kitanda, ili nijihakikishie kwamba siku ile kweli nilizigusa.