Usiku wa mishahara na ile mvua ya Desemba 2011

Watu wengi ukiwatajia kampuni za autososingi, zile zinazofanya kazi za kampuni nyingine kwa mkataba, wanawaza kolsenta tu, vijana wamevaa hedifoni wanajibu simu za wateja wa nchi nyingine. Mimi nilizijua kwa mlango wa nyuma, ndani ya benki, kule ambako mteja hafiki. Na kuna usiku mmoja ndio ulinifanya nielewe hawa jamaa wanakuaje mpaka wanafikisha wafanyakazi laki na laki, usiku wa kuamkia tarehe 21 Desemba 2011.

Waliokuwepo Dar wanaukumbuka mwezi ule. Tulikua tumetoka kusherehekea miaka 50 ya Uhuru, bendera bado ziko barabarani, halafu Jumanne ya tarehe 20 mvua ikashuka ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa walisema haijanyesha kama ile tangu 1954. Jangwani maji matupu, Kigogo hivyo hivyo, bonde zima la Msimbazi watu wako juu ya mapaa wanasubiri kuokolewa. Makumi ya watu walikufa, na wengi waliopoteza nyumba baadae wakapelekwa Mabwepande. Mimi nilikua ofisini Posta, nakaa Tabata, mama akanipigia akaniambia mwanangu usithubutu kutoka huko, maji yamejaa, lala hapo hapo ulipo. Nikalala basi, ila kulala kwenyewe ndio huku nawasimulia.

Benki siitaji. Nilikua idara ya mifumo, timu ya kufunga siku. Kwa asiyejua, kila usiku benki lazima ifunge hesabu za siku, riba zihesabiwe, makato yakatwe, marejesho ya mikopo yavutwe, vitabu vibalansi, nakala ya data ihifadhiwe, ndio mfumo uhamie tarehe mpya. Ikikwama, asubuhi matawi yanafungua milango lakini tela, yule karani wa dirishani, hawezi kupokea hata shilingi. Hiyo kazi tulikua tunaifanya sisi, kwa kukesha, miaka na miaka. Mwaka ule menejimenti ikaamua uendeshaji wa mfumo ukabidhiwe kampuni kubwa ya India yenye ofisi karibu kila bara, na sisi tukaambiwa tukae na watu wao tuwafundishe. Yaani unamwelekeza mtu kazi yako hatua kwa hatua, yeye anaandika, akimaliza kuandika kazi inahamia Bangalore. Iliuma jamani, nisiseme uongo, kuna mwenzangu alikua anatoka nje kila baada ya nusu saa anavuta pumzi ndio anarudi kuendelea kufundisha.

Na hii ingekua miaka michache nyuma isingewezekana. Tulikua tunategemea setilaiti, ile ya juu kilomita 36,000, ukibonyeza kitufe unasubiri jibu lipande mbinguni lishuke. Julai 2009 ndio mkongo wa Seacom ukazinduliwa hapa hapa Dar, waya wa baharini unaotuunganisha na Afrika Kusini, Kenya, India mpaka Ulaya, na kuanzia hapo mtu aliyekaa Bangalore akawa anaiona seva yetu, kompyuta inayobeba mfumo, kama vile yuko chumba cha pili. Sisi tuliufurahia kwa ajili ya intaneti ya haraka. Kumbe ulikua njia ya kupitishia na kazi pia.

Mpangilio wao ulikua hivi, kwa mteja wanamweka mtu mmoja wawili, kwao wanaweka kundi zima, maana anayekaa kwa mteja ni gharama, hoteli, tiketi ya ndege, posho, na anayekaa kwao analipwa mshahara wa kwao. Aliyewekwa kwetu alikua kijana mtulivu kutoka mji mdogo karibu na Mysore, sisi tulimwita bhai, yaani kaka kwa Kihindi, na yeye mimi aliniita dada, neno lake la kwanza la Kiswahili. Alikua na kitabu cha hatua kwenye laptop, kila kitu tulichofanya kimeandikwa humo, amri gani, saa ngapi, nani apigiwe, ikikataa ufanye nini. Na mkataba ulisema siku ifungwe kabla ya saa kumi na moja alfajiri, wakichelewa wanakatwa pesa. Kwa hiyo kule Bangalore hakuna mtu anayetoka nje ya kitabu, na ukifikiria huwezi kuwalaumu.

Sasa usiku ule timu yetu ya shifti haikufika, barabara zimekatika, ofisini tumebaki mimi, bhai, na mzee mlinzi ambaye ndie alikua anaangalia jenereta maana umeme nao ulishaondoka. Kazi kubwa ilikua mishahara. Mwezi wa 12 waajiri wengi wanalipa mapema kabla ya Krismasi, mafaili yamejaa, Bangalore wanayapandisha moja moja. Kwenye saa tatu na nusu usiku ikaingia tiketi, yaani taarifa ya tatizo kwenye mfumo, faili la kiwanda kimoja cha Vingunguti limekataliwa, mistari karibu yote inasema akaunti haipo. Maelekezo ya kitabu: faili lirudishwe tawini, mteja aje asaini upya, litapandishwa dirisha linalofuata, yaani muda mwingine wa kupandisha mafaili.

Nikalifungua. Nilivyoona tu namba nikajua. Akaunti zetu zilikua zinaanza na sifuri, na mhasibu alikua ameandaa orodha kwenye Excel, na Excel ukiiandikia namba inayoanza na sifuri inaona sifuri haina maana inaifuta kimya kimya, namba ya tarakimu 12 inabaki na 11. Makarani wa matawini wote walikua wanalijua hilo, faili likija wanaangalia kwanza safu ya akaunti, ikiwa imepungua wanampigia mhasibu arekebishe, dakika kumi kazi imeisha. Ila halikuandikwa popote. Kila mtu alilijua, na kwa kuwa kila mtu alilijua hakuna aliyelitaja wakati wa kufundisha, na bhai naye asingeweza kuuliza kitu asichojua kipo.

Nikamwambia, bhai hili faili halirudi tawini. Akasema dada, kitabu. Nikamwambia tawi lenyewe liko bondeni kesho halifunguki, na wenye hii mishahara wengi wanakaa Vingunguti, Kigogo, Buguruni, hawa ndio maji yamewaingia ndani usiku huu, unga umelowa, magodoro yamelowa, asubuhi hawana kitu isipokua hiyo hela kwenye ATM. Alikaa kimya kidogo halafu akauliza swali ambalo mpaka leo namheshimu nalo: tuirudishe hiyo sifuri wenyewe? Nikamwambia hapana. Faili la mteja hatuligusi, leo utaongeza sifuri kesho mtu ataongeza jina. Lazima litoke kwa mteja mwenyewe.

Basi nikaanza simu. Mhasibu nikampata kwake Kimara, kule juu maji hayafiki ila giza, laptop ina chaji kidogo na modemu anayo. Kiwanda kilikua kimeshasaini fomu ya kuruhusu maagizo kwa imeili, hiyo ndio ilituokoa. Nikamwelekeza kwa simu, chagua safu nzima, ibadilishe iwe maandishi sio namba, halafu urudishe sifuri, asaini, amtumie mkurugenzi naye asaini. Mkurugenzi yuko Masaki, mtandao unakuja unapotea. Mhasibu alikua anahema kama anapanda mlima, kila baada ya muda ananipigia, dada usifunge, nakuomba usifunge.

Lakini kusubiri maana yake siku haifungwi. Bhai akampigia kiongozi wa shifti kule, kwetu ilikua inakaribia saa tano na nusu usiku, kwao saa nane usiku, sauti ya dada mmoja imechoka lakini akili iko sawasawa. Akauliza kitu kimoja, tukichelewa nani anawajibika? Bhai akajibu niandike mimi. Hapo nikampigia bosi wangu wa idara aliyekwama Mbezi, nikamweleza, akaniambia tuma imeili sasa hivi naijibu, benki inakubali kucheleweshwa na muda huo kampuni isikatwe. Akajibu kweli. Yule dada akasimamisha kazi zote kwenye foleni, akasema tunawapa saa moja na nusu.

Ndani ya hiyo saa na nusu ndio nilijifunza mengi kuliko miezi yote ya kukabidhiana. Tumekaa chumba cha seva maana ndio kulikua na umeme wa uhakika, baridi kali, nimejifunika koti la mlinzi, mzee katuletea chai ya tangawizi na mkate. Nikamuuliza bhai, nyie mlianzaje mpaka mkafika huku? Akanihadithia. Kwamba TCS, kampuni ya programu ya Tata, ilikuwepo tangu 1968, kwamba IBM, wale watengeneza kompyuta wa Marekani, waliondoka India 1978 baada ya kugombana na serikali juu ya umiliki, nchi ikabaki na mitambo yao na hakuna wa kuihudumia isipokua wenyeji, wenyeji wakalazimika kujua mitambo ya kila aina. Akanipa na ya Infosys, haikua kampuni yake ila kwao kila mtoto anaijua, watu saba pale Pune mwaka 1981, mtaji rupia 10,000 ambazo Narayana Murthy alikopeshwa na mke wake Sudha, 1983 wakahamia Bangalore, na 1999 wakawa kampuni ya kwanza iliyosajiliwa India kuuza hisa zake kwenye soko la Nasdaq kule Marekani.

Nikamuuliza katikati hapo kilitokea nini, mtu hapandi kutoka rupia za mkopo mpaka Nasdaq hivi hivi. Akasema mengi, serikali ilifungua uchumi 1991, laini za setilaiti zikaruhusiwa, lakini kilichowafungulia milango ya wateja wakubwa ni tarakimu mbili. Programu za zamani za mabenki na bima za Marekani na Ulaya ziliandikwa kwa Cobol, lugha ya zamani ya kuandikia programu, enzi ambazo kumbukumbu ya kompyuta ni ghali, mwaka ukawa unaandikwa kwa tarakimu mbili tu, 67, 85, sasa ikifika 00 mashine itadhani ni 1900. Ikabidi mamilioni ya mistari ipitiwe mmoja mmoja, kazi ya kuchosha, na India ilikua na wahandisi wa kuifanya kwa bei nafuu. Tarehe 1 Januari 2000 ikapita salama. Ila wale wahandisi kwa kuipitia ile mistari walikua tayari wanaijua mifumo ya wateja kuliko wateja wenyewe, na kila walichokijua walikiandika. Mteja ukishafika hapo utawaachaje?

Nikamwambia bhai, nyie mmekuzwa na tarakimu mbili na sisi usiku huu tumekwama kwa sifuri moja. Akacheka, kisha akaacha kucheka akasema dada, ndio maana nataka hiyo sifuri iingie kwenye kitabu.

Imeili ya kiwanda iliingia saa sita na dakika kadhaa. Nikampigia mhasibu kuthibitisha jumla ya pesa, nikampigia na mkurugenzi, zote zinalingana mpaka senti. Bangalore wakapandisha. Mistari ikapita, yote, nikiiangalia inageuka kijani kwenye skrini mmoja baada ya mwingine nikatokwa na machozi, maana kila mstari ni mtu na nyumba yake. Siku ikafungwa kabla ya ile saa kumi na moja, hata ule muda wa ziada aliotupa bosi hatukuuhitaji.

Nilikua nataka kulala kwenye kiti lakini bhai akasema hatulali hatujaandika. Akafungua kitabu, akanitaka niseme yeye anaandika: kabla ya kupandisha faili la mishahara hesabu tarakimu za akaunti, zikipungua usikatae faili, mpigie mteja, mteja mwenyewe arekebishe na asaini, usiliguse. Tukatengeneza na faili la mfano lenye akaunti za kutunga, akaniuliza tuliiteje, nikamwambia liite Vingunguti.

Asubuhi nilitembea mpaka Mnazi Mmoja, magari machache, watu wamebeba vitu kichwani, na kwenye ATM moja foleni ilishakua ndefu. Kama miongoni mwao walikuwepo watu wa kile kiwanda sijui, ila hela yao ilikuwepo.

Kazi ikahamia Bangalore kama ilivyopangwa, wengine tukapangiwa idara nyingine, wengine wakaondoka. Miaka ikapita. Siku moja rafiki yangu aliyepata kazi ya mifumo kwenye benki moja Lusaka akanitumia picha ya ukurasa kwenye WhatsApp, kampuni ile ile imechukua mfumo wao, na anauliza, wewe mtu wa Dar, Vingunguti ni nini, mbona iko kwenye kitabu chetu? Hatua ni ile ile, maneno ni yale yale niliyoyasema alfajiri ile nimejifunika koti la mzee. Nilifurahi sana na nilisikia uchungu kwa wakati mmoja, maana wale waliichukua sifuri yetu ya Dar wakaiuza Lusaka, na walikua na haki, wao ndio walioiandika. Sisi tulikua nayo miaka yote kichwani.

Sasa hivi niko na vijana wachache pale Sayansi, Kijitonyama, tunaendesha mifumo ya saccos, tuna wateja Moshi na Mwanza. Mtu akikesha na tatizo anajua hatoki mpaka ameandika, hata kama ni saa kumi alfajiri na macho hayaoni, na wananinung'unikia kweli kweli. Mwezi uliopita tumeombwa tupeleke bei ya kazi ya saccos moja ya Bujumbura, wametaka waone tunavyofunga siku. Nimewatumia kitabu.