Orlando kwa Saa za Zawadi

Binti yangu Zawadi anatimiza miaka mitatu mwezi wa Oktoba, na ndiyo maana tunasafiri Agosti. Malango ya Disney World, zile bustani za michezo za karibu na Orlando kule Florida, hayamtozi mtoto ambaye hajafikisha miaka mitatu. Akishafikisha, analipa karibu sawa na mamake, kwa sababu tiketi ya mtoto wa miaka 3 hadi 9 inapungua kwa dola chache tu, na kuanzia miaka 10 anahesabiwa mtu mzima kamili. Tiketi ya siku moja inapita dola 100. Dola ikiwa kama shilingi 129 za Kenya, hesabu hiyo unaimaliza kichwani kabla matatu haijatoka stendi.

Agosti ina faida nyingine ambayo sikuitarajia. Watoto wetu hufunga shule karibu na mwanzo wa mwezi huo, na shule nyingi za Florida hufunguliwa karibu tarehe 10. Kwa hiyo wetu wanapoanza likizo, wenyeji wanarudi darasani, na foleni zinaanza kupungua. Aprili ingetukutanisha na umati wa Pasaka. Desemba sitaki hata kuisikia: wiki ya Krismasi ndiyo wiki ambayo Marekani nzima huamua kusimama mbele yako.

Ubaya wa Agosti ni joto na radi. Orlando hufika nyuzi 33 mchana, na unyevu wake ni ule wa Mombasa mwezi wa Machi, shati linaganda mgongoni kabla hujamaliza chai. Mtoto aliyetoka South B, Nairobi, akiwa amevaa sweta ya Julai ataonja. Alasiri mawingu hujikusanya karibu kila siku, na radi ikianza kupiga, michezo ya nje husimamishwa. Weka hilo akilini, nitalirudia.

Wenzangu kazini wananiuliza kwa nini tusiende Dubai. Ni saa tano tu kwa ndege, tofauti ya saa ni moja, na bustani yao ya michezo, IMG Worlds of Adventure, iko yote chini ya paa, kwa hiyo joto la Agosti linabaki nje. Wana haki. Kama safari hii ingekuwa ya Zawadi peke yake, Dubai ingeshinda asubuhi na mapema. Lakini dada mkubwa wa mume wangu anaishi Tampa, watoto wake hawajawahi kushikwa na bibi yao, na mama mkwe wangu ameshasema wazi kwamba yeye Dubai hana mtu.

Kwa hiyo tunasafiri watano: mimi, Baba Tito, Tito wa miaka sita, Zawadi na Bibi. Ada ya viza ya Marekani ni dola 185 kwa kila mmoja, mtoto na mkubwa bei moja, na ukinyimwa hairudishwi. Hiyo ni karibu shilingi laki moja na elfu ishirini kabla hujaona hata kivuli cha ndege. Ndiyo maana kwangu utaratibu ni huu: pasipoti za watoto Nyayo House, kisha mahojiano ya viza ubalozini Gigiri, kisha ndege, na tiketi za bustani mwisho kabisa. Utashawishika kununua tiketi za bustani mapema kwa sababu zina picha za kasri na fataki. Usishawishike. Tiketi hizo nazo hazirudishwi pesa. Zamu yangu ya kupokea pesa za chama inaangukia Juni, na hadi hapo sinunui chochote chenye picha ya panya.

Sasa saa. Hapa ndipo nimetumia muda mwingi kuliko kwingine kote, na ndipo ninapogombana na ushauri wote niliosoma. Ushauri huo umeandikwa na mama wa Ohio kwa mama wa Michigan. Mtoto wake analala usiku, anaamka asubuhi, saa za nyumbani na za bustani ni zilezile. Wa kwangu atafika na usiku wa Nairobi mwilini.

Mwezi wa Agosti Orlando iko nyuma yetu kwa saa saba. Zawadi hulala saa mbili usiku. Saa mbili usiku ya South B ni saa saba mchana ya Orlando, jua likiwa utosini. Huamka saa kumi na mbili asubuhi, na hiyo kule ni saa tano usiku. Kwa hiyo siku za mwanzo mtoto huyu atazima kama simu mchana mweupe, halafu usiku wa manane atakuwa macho, anadai uji na hadithi. Mwili wake utajirekebisha polepole, na wala haumsikilizi mzazi.

Nilipoandika saa hizo kwenye karatasi, Nairobi upande mmoja na Orlando upande wa pili, nikaona kitu. Magic Kingdom, moja ya bustani nne za Disney World, hufunguliwa mara nyingi saa tatu asubuhi, na wageni wa hoteli za Disney huruhusiwa nusu saa mapema zaidi. Ile saa ya kwanza ndiyo yenye foleni fupi kuliko zote. Wazazi wa Marekani hulalamika kwamba hawawezi kuwatoa watoto kitandani mapema hivyo. Wetu watakuwa wameamka tangu saa tisa usiku! Tutakuwa langoni tumeshakunywa chai, tumeshaoga, tumeshachoka kusubiri. Kisha saa sita, jua likianza kuwaka na foleni zikirefuka, usingizi wa Nairobi utamfika Zawadi, na sisi tutaondoka. Radi ya alasiri itatukuta hotelini, mapazia yamefungwa.

Kwa mpango huu usingizi uliovurugika unatufaa wiki ile ya kwanza, lakini kwa sharti moja: hoteli iwe karibu. Na hapo ndipo tulipoanza kutazamana vibaya na wifi yangu.

Wifi ana nyumba kubwa na moyo mkubwa zaidi. Alipopata habari tu, alitangaza kwamba tutafikia kwake, tupumzike wiki nzima, halafu awe anatupeleka Orlando asubuhi na kuturudisha jioni. Kutoka Tampa ni kama saa moja na nusu kwa gari, barabara ikiwa wazi. Kwa mtu mzima si kitu, watu wa Kitengela hufanya safari ya namna hiyo kila siku ya kazi. Lakini ukikaa kwake huwezi kurudi kulala saa saba mchana. Utabaki bustanini hadi jioni na mtoto ambaye mwili wake unamwambia ni usiku wa manane, na kila mtu atalia, pamoja na Baba Tito. Na tukipumzika kwake wiki nzima kwanza, saa za Nairobi zitakuwa zimeshatutoka mwilini, tuamke saa mbili kama wengine wote.

Kumweleza hivyo mtu aliyekwisha kukutandikia kitanda si jambo jepesi. Nilianza na ujumbe, nikaufuta. Nikapiga simu. "Wifi," nikamwambia, "si kwamba tunaikimbia nyumba yako." Akanyamaza kile kimya cha wakubwa. Aliyeokoa ni Bibi, ambaye alichukua simu na kusema kwamba yeye haji Marekani kupanda farasi wa kuzunguka. Wifi aje Orlando amchukue uwanja wa ndege, waende zao Tampa, nasi tuwafuate tukimaliza michezo yetu. Wifi atakuwa na mama yake peke yake siku zile za kwanza, bila kelele za wajukuu. Akakubali kabla sijarudishiwa simu.

Basi tumeamua bustani kwanza, jamaa baadaye. Hoteli itakuwa moja ya zile za bei ya chini za Disney zenyewe, All-Star au Pop Century, kwa sababu basi la kwenda bustanini ni bure na sitaki Baba Tito aanze kujifunza kuendesha upande wa kulia akiwa na usingizi. Hoteli za nje, upande wa Kissimmee, ni nafuu zaidi kwa usiku, lakini ongeza gari la kukodi na maegesho ya kulipia, kisha ujiulize tena.

Tito hana habari na saa, yeye kinachomhusu ni sentimita. Michezo mikubwa ina kipimo cha urefu, na hakuna kubembeleza. Seven Dwarfs Mine Train inataka sentimita 97, hiyo ameipita. Tower of Terror inataka 102. Space Mountain inataka 112, na Tito mara ya mwisho kwenye fremu ya mlango wa jikoni alikuwa 111. Tangu hapo anakula sukuma wiki bila kusukumwa, na kila Jumamosi anataka kupimwa upya. Nimemwahidi kwamba viatu huhesabiwa, ila sikumruhusu kuchagua viatu.

Kwa Zawadi orodha ni tamu zaidi, kwa sababu michezo mingi ya Magic Kingdom haina kipimo chochote. Dumbo, ndege ya Peter Pan, vikombe vya kuzunguka, mashua ya wanasesere wanaoimba, vyote anaingia akiwa mapajani au pembeni yangu. Na Tito akitaka kupanda kitu ambacho dada yake hawezi, kuna utaratibu mzuri: mzazi mmoja anapanga foleni na Tito, mwingine anabaki na Zawadi, kisha wanabadilishana na yule wa pili hapangi foleni ndefu upya. Waulize wahudumu mlangoni mwa mchezo kabla hamjaachana. Ile njia ya kulipia ili kuruka foleni, Lightning Lane, sitainunua. Ukiingia lango linapofunguliwa na kuondoka saa sita, unalipia kuruka foleni ambazo hutazikuta.

Tutaingia Magic Kingdom zaidi ya asubuhi moja, na Hollywood Studios mara moja kwa ajili ya Tito. EPCOT ni ya watu wanaopenda kula wakitembea, wabaki nayo.

Animal Kingdom ndiyo bado inatugawa. Bustani hiyo ilifunguliwa 1998, na ndani yake kuna mji mzima wa kubuni wa pwani ya Afrika Mashariki uitwao Harambe, kuta zimechubuliwa rangi kwa makusudi, mabango ya Kiswahili, ukiona picha utadhani umeshuka Lamu. Kutoka hapo unapanda lori lililo wazi pembeni la Kilimanjaro Safaris, unapelekwa kuona twiga, kifaru na simba. Nilipomsomea Bibi alicheka hadi akatoa miwani. Mbuga ya Nairobi iko hapa tangu 1946, ukiwa kwenye matatu ya Lang'ata unapita ubavuni mwake, na pale Giraffe Centre twiga anakulamba kiganja. Niende Florida kumlipia?

Baba Tito anajibu kwamba hiyo safari ya lori haina kipimo cha urefu, mtoto anakaa kivulini, upepo unampiga, na kwa hiyo ndiyo inayomfaa Zawadi kuliko zote. Ana hoja, na inaniudhi. Lakini namjua: anachotaka ni Expedition Everest, treni inayoporomoka mlimani iliyo ndani ya bustani hiyohiyo, sentimita 112 tena. Twiga ni kisingizio tu. Nimesema hapana, na bajeti ninaishika mimi.

Kabla ya hapo, likizo ya Aprili tunawapeleka Mombasa kwa SGR. Nataka kuona nani analia ndani ya treni kwa saa tano, kwa sababu ndege ya moja kwa moja kutoka JKIA hadi New York ni kama saa 15, na baada yake kuna nyingine ya saa tatu hivi hadi Orlando. Nataka pia kuona Zawadi anafanya nini kwenye joto na foleni pale Wild Waters, bustani ya michezo ya maji ya Nyali, ambako nikishindwa narudi kwa dada yangu Kisauni tunakula wali. Na nataka azoee kigari. Hapa mtoto hubebwa mgongoni, lakini Magic Kingdom ni kutembea tangu asubuhi, na mgongo wangu una miaka yake. Nitanunua cha viti viwili, kwa sababu Tito wa miaka sita anayesema hahitaji kigari ndiye atakayekuwa wa kwanza kulala humo. Kisizidi sentimita 79 kwa upana na 132 toka mbele hadi nyuma, hicho ndicho kipimo chao. Tukiondoka tutamwachia wifi, anajua wenye watoto.

Mizigo nitafupisha. Leso tatu: moja ya jasho, moja ya kumfunika Zawadi akilala, moja ya lolote litakalotokea. Makoti mepesi ya mvua tununue hapahapa, ya mle ndani yana bei ya bustani. Chakula unaruhusiwa kuingia nacho, ila si chupa za glasi, na kwenye vibanda vya chakula vya haraka ukiomba kikombe cha maji ya barafu hupewa bure. Wazazi wengi hawaombi.

Bibi naye ameanza kupanga kapu lake la kumpelekea bintiye. Nimemwambia sambusa za nyama zitachukuliwa uwanjani New York, forodha yao hairuhusu nyama kutoka kwetu, hata iliyopikwa kwa mikono mitakatifu kama yake. Amesema hakuna neno, atatia ndengu.