Kutoka Himo hadi Horombo: Safari ya Kuufuata Udongo

Wengi hupanda Kilimanjaro wakitazama juu. Mimi niliupanda nikitazama chini, kwa kuwa nilichokifuata kilikuwa udongo. Nilianzia kwenye shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa, katika uwanda ulio chini ya mji mdogo wa Himo, ambako ardhi nyeusi ilikuwa imepasuka nyufa za kumeza kiganja kizima, na bonge nililoliokota lilikuwa gumu kama tofali. Huku mvua ni haba na jua ni kali, hivyo maji hayapati nguvu ya kusomba madini yanayotoka kwenye miamba ya volkano. Kalsiamu na magnesiamu hubaki palepale, na hutokea mfinyanzi unaovimba ukilowa na kunywea ukikauka. Kwenye ukingo wa mtaro niliona hata vipande vidogo vyeupe vya chokaa.

Marangu, juu zaidi mlimani, nilipokewa na mzee mmoja aliyeniruhusu kuchimba shimo kwenye kihamba chake, yaani shamba la nyumbani la Wachagga, kati ya migomba na mibuni. Nilipomwamkia na kumweleza shida yangu alicheka, kisha akanipa sululu. Udongo wake ulikuwa wa hudhurungi inayoelekea wekundu, laini, usio na nyufa hata moja: mvua ya kutosha imeyasomba madini mengi yayeyukayo, ikaacha mfinyanzi usiovimba pamoja na chuma kilichoungana na oksijeni, na hicho chuma ndicho kinachoupa rangi.

“Huu bila samadi hautoi kitu, mwanangu,” aliniambia. “Lakini nenda kwa mdogo wangu kule juu, karibu na msitu. Kule jembe linazama lenyewe.”

Nilikwenda, na ni kweli. Udongo wa pale juu ulikuwa mweusi na mwepesi kiasi kwamba mfuko uliojaa ulinifanya nidhani nimesahau kitu. Nilipouminya kati ya vidole ulikuwa kama mkavu, kisha ghafla ukalegea na kuteleza, maji yakatoka. Nilichukua karatasi iliyolowekwa finoftalini, kemikali ya kupimia inayobadili rangi, nikaweka punje za udongo na kudondoshea floridi ya sodiamu. Karatasi ikageuka nyekundu mara moja, ilhali udongo wa kihamba cha chini uliibadilisha polepole na kwa uhafifu. Wekundu huo ni dalili ya alofani, madini yasiyo na umbo la fuwele yanayozaliwa majivu na lava vinapochakazwa haraka na unyevu mwingi. Alofani hukumbatia mboji, na kwa kuwa baridi huchelewesha kuoza kwa majani, mboji hurundikana mwaka hadi mwaka. Wataalamu huuita udongo wa aina hii andosoli, kutokana na maneno ya Kijapani yenye maana ya udongo mweusi. Hapa sharti niwaudhi wanaoamini kwamba weusi ni rutuba: alofani hiyohiyo huifunga fosforasi, mizizi ikaikosa ilhali imo ardhini.

Ndani ya hifadhi sikuchimba, kwa kuwa haikuwa ruhusa. Nilisoma kingo za njia zilizomomonyoka. Kwenye mteremko wa kusini mvua hufikia kilele karibu na mita 2,200, ikizidi milimita 2,000 kwa mwaka, na kuelekea kambi ya Mandara tabaka jeusi lilinifikia magotini. Nakiri kwamba ulinganisho wangu si safi: lava ya mlima huu haikutoka siku moja, wala si ya aina moja, na umri wa mwamba nao una sauti yake katika udongo. Hata hivyo, joto hupungua takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000, na badiliko hilo nililihisi mwilini kabla ya kuliona ardhini.

Kwenye kambi ya Horombo, mita 3,720, niliamka kabla ya jua kuchomoza. Mvua ilikuwa imekwisha kupungua, miti imebaki chini, na kando ya njia udongo ulikuwa mwembamba, wa kijivu, uliochanganyika na kokoto. Usiku barafu ilikuwa imechipua humo kama sindano zilizosimama wima, kila moja imebeba punje ya mchanga kichwani. Mwongozaji aliniita chai mara mbili. Jua lilipozigusa, sindano zilianguka moja baada ya nyingine, na kokoto zikabingirika kidogo kuelekea bondeni.