Usianze na Sputnik

Anayetaka kuunda modeli ya chombo cha anga kwa mara ya kwanza huvutiwa na Sputnik 1. Mpira mmoja na nyaya nne, kuna ugumu gani hapo? Ugumu uko kwenye mng'ao. Sputnik iliyorushwa tarehe 4 Oktoba 1957 ilikuwa tufe la aloi ya alumini lenye kipenyo cha sentimeta 58, lililosuguliwa mpaka likang'aa. Uso wa namna hiyo hausamehe kitu: punje moja ya vumbi chini ya rangi ya fedha huonekana kutoka mlangoni. Eagle, chombo cha Apollo 11 kilichotua mwezini tarehe 20 Julai 1969, kina pembe, ngazi, miguu na mikunjo isiyohesabika, na kwa macho kinatisha. Lakini kimefunikwa foili iliyokunjamana, na mkunjo huficha makosa. Kwa mtu anayefanya kazi Dodoma, ambako kuanzia Juni upepo huingiza vumbi hata kwenye droo iliyofungwa, hicho ndicho cha kuanza nacho.

Chagua skeli moja na uishike kwa vyombo vyote, vinginevyo rafu yako itadanganya watu. Napendekeza 1:24. Eagle ilikuwa na urefu wa takriban mita 7 kutoka chini hadi juu, na mita 9.4 kutoka ukingo wa mguu mmoja hadi wa ule unaouelekea. Kwenye 1:24 hiyo ni sentimeta 29 kwa 39, yaani inakaa vizuri mezani na bado mkono wa mtu mzima unaingia kila kona. Ukienda 1:48, ngazi inakuwa kazi ya kibano na lenzi. Faida nyingine ni hesabu: sentimeta 24 za kweli ni sentimeta moja ya modeli, na mwanaanga wa mita 1.8 anakuwa sentimeta 7.5.

Vifaa havihitaji kuagizwa nje. Manila nzito na kadibodi ngumu zipo kwenye maduka ya vifaa vya shule. Watengeneza mabango hubakiwa na vipande vya plastiki nyeupe ya milimita 3, ambavyo kwa kiunzi cha ndani ni bora kuliko kadibodi kwa sababu havipindi mvua zinapoanza. Ongeza vijiti vya mishikaki, spoku za baiskeli, waya wa breki uliochambuliwa nyuzi nyuzi, foili ya jikoni, gundi nyeupe ya mbao, supaglu, gundi ya viatu, vanishi ya mbao yenye rangi, na msasa wa maji namba 400, 800 na 1200. Zunguka soko la Majengo nusu siku na utakuwa na karibu vyote. Na kwa kuwa huu ni mji wa zabibu, weka akiba ya vifuniko vya shingo za chupa za mvinyo, vile vya metali laini, si vya plastiki. Metali hiyo hukunjika bila kurudi nyuma, na inafaa sana kuzungushia viungo vya miguu.

Anza na sehemu ya chini, ile iliyobaki mwezini. Ina pande nane, na hapa ndipo modeli nyingi za kujitengenezea huharibika tangu siku ya kwanza: mtu huchora pembenane yenye pande sawa. Haikuwa hivyo. Kiunzi chake kilijengwa kama msalaba wa vyumba vitano vya mraba vinavyolingana, injini katikati na matangi ya mafuta kwenye vile vinne vya pembeni, kisha pembe nne zilizobaki zikafungwa kwa vyumba vya pembetatu. Kwa hiyo pande nne ni fupi na nne ni ndefu. Namna rahisi ya kuichora ni kuchora mraba wa sentimeta 17.5, kugawa kila upande katika theluthi (sentimeta 5.8 hivi), kisha kukata pembe kutoka alama hadi alama. Pande fupi zitakuwa sentimeta 5.8 na ndefu sentimeta 8.2. Miguu hufungwa kwenye pande fupi. Ukichora pande sawa, mwili unaonekana mnene na huwezi kueleza kwa nini, na hakuna foili itakayouponya.

Kata vipande viwili vya hivyo, sakafu na dari, uviachanishe kwa takriban sentimeta 7, na katikati simamisha kuta za msalaba. Kuta hizo ndizo zitakazobeba miguu, kwa hiyo usizifanye za manila. Acha tundu katikati ya sakafu kwa ajili ya mdomo wa injini, ambao ni koni ya manila iliyopakwa rangi ya kijivu cheusi.

Miguu inataka subira kuliko sehemu nyingine yoyote. Kila mguu una nguzo kuu moja na mihimili miwili myembamba inayoushikilia kutoka chini. Nguzo kuu ni nene juu na nyembamba chini, kwa sababu kipande cha chini kilikusudiwa kuingia ndani ya kile cha juu na kuponda sega la alumini lililowekwa humo wakati wa kutua. Spoku iliyochomekwa ndani ya kijiti kilichozungushiwa manila inatoa picha hiyo vizuri. Eagle ilitua taratibu mno, nguzo hazikujikunja kiasi cha maana, ndiyo maana ngazi yake iliishia juu ya sahani ya mguu na mtu alilazimika kuruka. Ukiifikisha ngazi mpaka chini umekosea. Ngazi ina vidato tisa na iko kwenye mguu wa mbele tu.

Sahani za miguu zilikuwa na kipenyo cha sentimeta 94, kwa hiyo sentimeta 3.9 kwetu. Kata duara la manila la sentimeta 4.2, lipasue kutoka ukingoni hadi katikati, pishanisha kingo kwa nyuzi 25 hivi na ugundishe. Unapata sahani yenye kina kidogo tu, kama inavyotakiwa. Chini ya sahani tatu kulikuwa na fimbo ndefu za kugusa ardhi, mita 1.7 kila moja. Kwenye mguu wa ngazi fimbo iliondolewa ili isimkwaze anayeshuka. Ukiunda chombo kikiwa kimeshatua, fimbo zipinde na kuzilaza ubavuni. Zikisimama wima modeli haitakaa.

Meza yenye miguu minne hucheza, na modeli vilevile. Chora msalaba wa sentimeta 39 kwenye kipande cha kioo, weka alama za sahani kwenye ncha, gundisha miguu mitatu kwanza na uache ikauke usiku kucha. Wa nne gundisha mwisho chombo kikiwa juu ya kioo, kwa gundi inayokauka polepole, ili mguu ujitafutie kimo chake wenyewe.

Hapo supaglu itakusumbua. Gundi hii hukauka kwa msaada wa unyevu uliomo hewani, na kiangazi cha Dodoma hakina unyevu wa kugawa. Watu huona haishiki, huongeza tone jingine, na jingine, mwishowe kiungo kinazungukwa na ukungu mweupe usiofutika. Tumia tone dogo na uhemee kiungo mara mbili au tatu kabla ya kubana, inatosha. Gundi nyeupe ina tabia ya kinyume: juani hufanya ngozi upesi huku ndani ikiwa mbichi, kwa hiyo bana muda mrefu kuliko unavyodhani.

Sehemu ya juu, ile iliyopanda tena, haina umbo la kueleweka na ndio uzuri wake. Kiini ni silinda iliyolala, kipenyo mita 2.34, yaani karibu sentimeta 9.8. Mbele kuna madirisha mawili ya pembetatu na mlango wa mraba chini yao, na juu ya upande wa kamanda kuna kidirisha kidogo cha kuangalia wakati wa kuungana na chombo mama. Ubavuni kuna matangi mawili, na moja limetokeza zaidi ya jingine. Usiyasawazishe. Tangi moja lilibeba mafuta, jingine kioksidishaji, yaani kemikali inayoyawezesha mafuta kuungua. Kioksidishaji kilikuwa na uzito wa takriban mara 1.6 ya mafuta, hivyo tangi la mafuta lilisogezwa nje zaidi ili mzani uwe sawa. Angalia picha iliyopigwa kwa mbele kabla hujakata. Vinjini vidogo vya kugeuza chombo ni 16, vinne vinne kwenye kona nne. Midomo yake unaweza kuipata kwa kukata vifuniko vya plastiki vya sindano za hospitali, sindano yenyewe ikiwa imeshatupwa panapohusika.

Kuhusu picha: za NASA ziko wazi kwa umma, na zile zilizopigwa mwezini ndizo za kuamini. Chombo kilichoko kwenye jumba la makumbusho la anga jijini Washington ni LM-2, chombo kingine cha aina hiyo hiyo, ambacho hakikuruka kamwe na kilirekebishwa baadaye kifanane na Eagle.

Sasa foili. Ile rangi ya dhahabu ni Kapton, plastiki ya rangi ya kaharabu yenye utando wa alumini kwa ndani. Unachokiona ni fedha iliyo nyuma ya manjano angavu, na rangi ya dhahabu ya kopo haiwezi kuiga hilo, huishia kuonekana kama mapambo ya keki. Chukua foili ya jikoni, ifinyange ngumini, ifungue, ilainishe kwa kidole (rula huua mikunjo), kisha ipake vanishi ya mbao iliyozimuliwa kwa thina. Mkono mmoja hutoa dhahabu hafifu, wa pili kaharabu, wa tatu kahawia ya chungu. Mimi huishia kwenye wa pili. Pigapiga kwa kitambaa badala ya kupaka kwa brashi, kwa kuwa brashi huacha vanishi ijae mabondeni na mistari myeusi ijitokeze. Mikunjo halisi iliwekwa kwa makusudi: tabaka hizo za kukinga joto zilifinyangwa kwa mkono ili zigusane kidogo iwezekanavyo, joto lisipite. Kwa hiyo kunja kweli kweli.

Gundi nyeupe haifai kati ya foili na plastiki, kwani pande zote mbili hazipitishi hewa na itabaki mbichi wiki nzima. Tumia gundi ya viatu, tabaka jembamba pande zote, ngoja inate bila kuloanisha kidole, ndipo ubandike. Kama kiunzi chako kina sponji nyeupe ya kufungashia redio, gundi hiyo itaila. Bandika paneli moja moja, anzia ukingoni, na viungo vifunike kwa vipande vyembamba vya foili hiyo hiyo.

Si chombo chote ni dhahabu. Kuna paneli nyeusi na paneli za alumini ya kijivu, hasa juu. Nyeusi tupu usiitumie, changanya na kijivu kidogo, la sivyo umbo linapotea. Rangi ya kupuliza ipulize alfajiri, upepo haujaamka, chumbani, sakafu ikiwa imenyunyiziwa maji. Mchana rangi hukaukia hewani kabla ya kufika na uso unakuwa wa chengachenga. Sogea mpaka sentimeta 15 na upitishe haraka. Plastiki ukiifuta kwa kitambaa kikavu inapata chaji na kuvuta vumbi lote la mtaa, bora kitambaa chenye unyevu kidogo.

Baada ya Eagle, Sputnik ya 1:24 inakuwa jambo dogo kwa sababu hutaipaka rangi kabisa. Kipenyo chake ni milimita 24, na gololi ya beringi ya inchi 15/16 ina milimita 23.8, tena imeshasuguliwa kiwandani. Waulize mafundi wa malori. Usijaribu kuitoboa, chuma hicho ni kigumu kuliko biti yako. Gundisha antena kwa epoksi juu ya vikoni vidogo: mbili za sentimeta 10 na mbili za 12, kutoka nyuzi za waya wa breki, zote zikielekea nyuma.

Cha tatu kiwe Uhuru, setilaiti ya kuchunguza miale ya eksi kutoka angani, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, pwani ya Kenya karibu na Malindi. Silinda ya sentimeta 56 kwa 116, kwetu 2.3 kwa 4.8, na paneli nne za jua. Bomba la umeme la milimita 20 lililozungushiwa manila mpaka lifike 23 linamaliza mwili wake jioni moja.

Mafundi wa madirisha ya alumini watakutengenezea sanduku la kioo la sentimeta 45 kwa 45, kimo 35. Ziba kingo kwa silikoni, lakini modeli isiingie humo kabla ya wiki mbili: mvuke wa supaglu ukifungiwa ndani huganda kwenye kioo na kuacha ukungu mweupe.